Mitufaha ya Mama Imeshinda Madoa

Mama yetu, Dkt. Maximilla Apondi, mwaka umezunguka tangu utuache hapa Yamumbi, na leo hatukuja kulia. Tuna habari! Tumeshindwa kungoja ibada iishe: miti yako imesimama.

Wasiokujua wajue kwanza. Ulikuwa mtafiti wa mimea, na roho yako ilikuwa kwa tufaha mwitu, vitunda vidogo vikali ambavyo hata ndege hutema. Ulisema vina jeni, chembe ya urithi, inayokataa ugonjwa wa madoa meusi, ule unaomaliza matufaha ya wakulima kila masika. Ukachanganya mbegu ya mwitu na ya kawaida, ukapanda watoto wao nyuma ya nyumba, ukakataza dawa kabisa. Tena ugonjwa uliutafuta mwenyewe! "Kiprono, jirani yangu, una mti mgonjwa? Nipe majani." Ukayatundika juu ya miche mizima, uone ipi itaugua na ipi itakataa. Mama Kiprono akadhani ni uchawi, akaleta kikundi cha maombi.

Ndugu yako, Mjomba Opondo, alipokuja kututembelea aliionea miche huruma, akaipiga yote dawa ya madoa tukiwa kanisani. Uwii! "Opondo, umewapa watoto majibu ya mtihani! Sasa nitajuaje nani alisoma?" Halafu ukamchinjia kuku, maana hasira zako zilikuwa moto wa mabua. Ukaanza upya.

Huku kwetu hakuna baridi ya kuilaza miti, kwa hivyo ulitupanga tunyonyoe majani kwa mkono ndipo itoe maua. Wewe uliimba alto na kutusukumia chai. Tulilalamika sana, na tulikuja kila mara.

Ulilazwa hospitalini kabla mvua haijafika. Hukuuliza juu ya damu yako wala dawa zako; ulimuuliza mwanao juu ya miche: "Felix, imeshika madoa?" Ukatuacha kabla mvua haijaleta jibu, Mama. Hilo ndilo lililotuuma mwaka mzima.

Mwaka jana mvua ilikuwa haba, lakini masika haya imenyesha bila huruma. Miti ya Kiprono ikawa myeusi. Yako mingine pia, hatukudanganyi. Lakini safu ya ukutani, weee! Majani safi kama sukuma wiki iliyooshwa. Mwanafunzi wako Nanzala akayapeleka maabara, kisha akapiga simu akipiga kelele: "Jeni ya mwitu imo! Safu yote!" Baba, asiyecheza hata harusini, alicheza jikoni na mwiko mkononi.

Na mmoja umezaa. Tulikata tunda hilo vipande, na chako tukakikata. Ni kali, Mama, linakunja uso. Utamu bado unatafutwa. Baba alikichukua kipande chako, akakila polepole huku machozi yakimtoka. "Haijashika madoa, Maxi," akasema. "Sasa pumzika."

Tunakukumbuka sisi: mumeo Mzee Ondiek, wanao Felix na Purity, nduguyo Opondo, Nanzala, na majirani wote wa Yamumbi. Masika na kiangazi, hututoki moyoni.