Rufaa ya Mota Nne

Dada Mahfudha,

Nakusihi, barua hii isome peke yako, na Mama asijue neno. Rufaa ya hataza, yaani hakimiliki ya uvumbuzi, ya mzee mteja wa ofisi yetu aliyebuni kifaa cha elektroniki cha kuongoza mota nne za umeme kwa pamoja imekufa mikononi mwangu. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Ofisi yetu hapa Dubai Ijumaa haifanyi kazi, nami nikaituma Jumapili. Kumbe Ulaya, rufaa ilikokwenda, Ijumaa ni siku ya kazi. Mzee hajaambiwa. Jana alinipigia, "Mwanangu, wamejibu?" Nikasema, "Inshallah." Leo sir, mkuu wangu wa kazi, amechukua pasipoti yangu: "Khalas, basi, ngoja nyumbani."

Ofisini usipige. Mpigie Jotham, bawabu ninayekaa naye mtaa wa Discovery Gardens, umuulize kama bado nipo Dubai.

Nduguyo,
Wahid