Jokofu Lililoandikwa Jina Langu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mama anaendeleaje, sukari imetulia?

Fundi mkuu wa karakana yetu ya viatu anastaafu. Mashine yake ya kushonea soli ataniuzia mimi nikimlipa kabla Aprili haijaisha. Nilikwenda benki kukopa, wakaninyima, eti taarifa yangu ya mikopo ni mbaya. Mimi, ambaye sijakopa hata chumvi! Nikaomba nakala nijisome.

Kumbe humo imeandikwa nimeajiriwa kiwanda cha mikate. Wenzangu hapa kazini sasa wananiita Mama Mikate. Tena miaka sita iliyopita nilikopa jokofu, nikachelewesha malipo miezi miwili, na awamu ya mwisho sijalipa hadi leo. Nani huyu anayeishi kwa jina langu, na anagandisha nini? Duka lenyewe liko kwenu, nyuma ya soko. Hebu niulizie.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, mama yako anakusalimu. Duka hilo lilishafungwa. Achana na jokofu, shughulikia mikate kwanza.

Baba yako

22 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenishangaza kwa ufupi. Wewe huandika kurasa mbili kuhusu bawaba ya mlango.

Mikate imefutwa, ilitosha barua ya fundi mkuu na nakala ya kitambulisho. Kuhusu jokofu, wanaotunza taarifa za mikopo wamenipa fomu ya pingamizi. Nikisema sikukopa, wanafuta kila kitu na benki inanipa mkopo, ila lazima niende polisi nikashtaki aliyetumia kitambulisho changu. Nikisema nilikopa na nikamaliza, nitoe risiti. Deni litaondoka, lakini ile miezi miwili ya kuchelewa itabaki, na benki itaninyima tena.

Nimeomba na mkataba, nikauona. Jokofu lilipelekwa kwenu. Si ndilo lile ulilopewa kazini ulipostaafu? Siulizi kwa hasira, Baba. Nataka kujua tu.

Binti yako

4 Aprili

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nne.

Kazini hawakunipa jokofu. Sindano za mama yako zilitaka baridi, na duka halikumkopesha mtu wa umri wangu. Nilikuwa na nakala ya kitambulisho chako, ile ya maombi ya chuo. Nikaipeleka. Muuzaji hakuuliza. Nyumbani nikasema ni zawadi ya miaka thelathini ya kulinda lango, na mama yako akautangazia mtaa mzima. Ningemwambia nini tena?

Nililipa zote. Miezi miwili nilichelewa kwa sababu pensheni ilichelewa. Risiti kumi na mbili hizi hapa, na ya mwisho imo. Nadhani walifunga duka bila kuiandika.

Lakini usizitumie. Mashine ni riziki yako. Nenda polisi, nitaje. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha. Naona haya, mwanangu. Nisamehe.

Baba yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, nilikuwa nangoja majibu.

Nimeandika kwamba jokofu nilikopa mimi, nikabandika risiti zako zote. Deni limefutwa. Kuchelewa kumebaki, na benki wamesema nirudi baada ya mwaka. Fundi mkuu hakuweza kungoja, mashine ameiuza. Siku waliyokuja kuibeba nililia chooni, nisikudanganye. Ila sijuti. Ningekuwa karibu ungeniomba, na ningekubali.

Kuna kitu kimoja bado nakiwaza. Miaka thelathini pale langoni, walikupa nini hasa?

Binti yako

26 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na asante. Sijui niiandike vipi iwe kubwa zaidi ya hivyo.

Walinipa mkono, na kalenda ya mwaka uliobakiza miezi miwili.

Jana nilimwambia mama yako ukweli. Aliendelea kuchambua mchele. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, maana kadi ya dhamana ilikuja ndani ya jokofu ikiwa na jina lako. Nikamuuliza, sasa mbona uliwatangazia majirani? Akasema, "Walitakiwa wakupe kitu."

Baba yako