Kwikwi Katika Wimbo wa Baba

Mpendwa mshauri Bi Assumpta, naomba unisaidie kabla ya tarehe ishirini mwezi huu, maana siku hiyo jambo nililolificha miaka arobaini na minne linakwenda kupigwa chapa, na anayelipiga chapa, tena kwa furaha, ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mitatu, ninakaa magharibi mwa kaunti ya Clare katika nyumba ile ile niliyozaliwa, na baba yetu, Malachy Lillis, alikuwa mpiga zumari, hizi zumari zetu za mfuko ambazo mtu hapulizi kwa mdomo bali anavukuta mvukuto kwa kiwiko huku ameketi, na wewe ni wa huku huku, unajua zilivyo na maringo. Ninavyomkumbuka Baba ni mtu wa kunusa hewa. Asubuhi alifungua mlango wa jikoni, akatoa pua nje, na kama upepo ni wa mashariki, mkavu, alisema, "Leo ulimi umenuna," akimaanisha ule ulimi wa tete ndani ya zumari ambao ndio unaolia, na hewa ikikauka unajifunga kama mdomo wa mtoto aliyekataa dawa. Basi aliweka birika motoni mvuke ujae jikoni, na Mama alimuuliza, "Malachy, hiyo birika ni ya chai au ya zumari?" naye anajibu, "Ya zumari. Wewe kunywa maziwa."

Baba alinifundisha mimi kupiga. Mdogo wangu Colmán, ambaye nimemzidi mwaka mmoja tu, alipenda mchezo wa magongo uwanjani, hakuwa na subira ya kukaa kuchonga tete wiki nzima ili litoe sauti ya bata, na alipofika miaka kumi na saba akaenda London kwenye kazi za ujenzi.

Mwaka 1978 alikuja kwetu Bwana Ruairí kutoka Dublin, mtu wa kukusanya muziki wa wazee, na mashine yake ya kunasia sauti, lakini Baba alikuwa na haya, hakuweza kupiga mbele ya mgeni, vidole viliganda, basi Bwana Ruairí kwa wema wake akatuachia mashine wiki mbili na kanda moja. Baba akarekodi nyimbo sita za kucheza, moja moja, siku zile hewa ikiwa nzuri. Ukabaki wa saba, wimbo wa taratibu aliokuwa akiuimba mama yake, na huo ndio hasa Bwana Ruairí aliokuwa akiutaka. Sasa Bi Assumpta, kidole cha pete cha mkono wa kushoto cha Baba kilikuwa kimeshaanza kukakamaa kwa ugonjwa wa viungo, na sisi nyumbani tu ndio tuliojua, siri ya mtungi aijuaye kata. Kwenye nyimbo za mbio alijua kukificha. Wimbo wa taratibu haufichi kitu. Alijaribu asubuhi tatu, na ya tatu akafungua mikanda ya zumari, akaniwekea mapajani.

"Piga wewe."

"Baba, watajua."

"Nani atajua? Kanda haina macho."

Nikapiga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa tu, na kwenye sehemu ya pili kiwiko kikaniteleza, sauti ikaruka juu ghafla kisha ikarudi, kama kwikwi ya mtu anayezuia kilio. Nilitaka kusimama nianze upya, Baba akanipungia mkono, endelea, endelea, nikaendelea mpaka mwisho. Nilipomaliza alikuwa amenipa mgongo, anatazama ng'ombe dirishani. Akasema, "Usimwambie mtu, Dympna. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya kidole changu." Nikaahidi. Mama akaandika juu ya kisanduku cha kanda, Malachy Lillis, nyimbo saba, na Jumamosi Bwana Ruairí akaja akaichukua.

Colmán alipata nakala yake kule London, na Jumapili vijana wa Clare walikuwa wakijazana chumbani kwake wanakaa hata sakafuni kusikiliza sauti ya jikoni kwetu. Baba alipofariki mwaka 1981 Colmán alikuja, na usiku wa kukesha na marehemu akaiweka kanda, ule ule wimbo wa taratibu, na yeye ambaye hakulia hata gongo lilipompasua nyusi, alilaza kichwa ukingoni mwa jeneza akalia kama mtoto. Mimi nimesimama na sinia la vikombe. Nilifungua mdomo, Bi Assumpta, nikauliza nani anataka sukari.

Zumari nilizirithi. Kila mwaka naupaka mfuko mafuta ngozi isipasuke, nabadilisha uzi wa nta kwenye maungio, nazifunga tena kwenye shuka. Kupiga, nimepiga mara chache, mume wangu akiwa shambani.

Julai iliyopita nilikwenda kwenye tamasha, na binti wa miaka kumi na saba akapanda jukwaani akapiga wimbo wa bibi yangu, na alipofika sehemu ya pili akaitoa kwikwi. Pale pale! Sawasawa! Nyuma yangu mwalimu wake akamnong'oneza jirani, "Umesikia? Hiyo ni kwikwi ya Malachy Lillis. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo." Nikashika kiti. Kuteleza kwa kiwiko changu kumegeuzwa somo.

Sasa Colmán amestaafu, amerudi, na anaitoa ile kanda iwe santuri yenye picha ya Baba na kijitabu, na amenijia akaniambia, "Dada, wewe ulikuwepo. Wimbo wa bibi niandikie ukurasa mmoja, jinsi mzee alivyokuwa akiupiga." Nimekaa na kalamu mara tatu. Nikisema kweli ninavunja ahadi ya marehemu na ninamnyang'anya ndugu yangu wimbo aliomlilia baba yake, nikinyamaza ninaandika uongo kwa mkono wangu. Na niungame la mwisho ambalo ndilo baya zaidi, siku ile kwenye tamasha sikuona aibu tu. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba ni mimi.

Nifanye nini?

Mwenye Siri, Clare Magharibi

*

Mwenye Siri,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na chai yangu ikapoa, na kwa kuwa umetaja majina yote nakujibu kwa posta, si gazetini. Sasa nikupe maneno yako.

Tuanze na ahadi. Baba yako alikuambia mwenyewe ni kwa ajili ya nini: kidole. Alikuwa hai, ana jina, ana majirani, na aliona haya. Ulimtunzia haya yake mpaka akaingia kaburini, na hapo ulikuwa binti mwema. Lakini kidole hicho kimelala miaka arobaini na mmoja. Hakuna wa kukicheka tena. Kinachotunzwa sasa si heshima ya Baba, ni woga wako, na usimsingizie marehemu.

La pili, huko kutaka kupiga kelele. Unaliita baya! Mwanamke amepika, wageni wanasifia mchuzi miaka arobaini, wanamshukuru mtu mwingine, naye amesimama mlangoni na sinia. Huyo si mnyenyekevu, mama. Huyo ana njaa. Ulikuwa na mkono mzuri wa zumari kuliko wengi walioitwa majukwaani, ukaufunga kwenye shuka. Hilo ndilo ningekugombeza mpaka kesho, ila karatasi ina nafasi ndogo.

Kuhusu ndugu yako, hapo nakuonea huruma kweli. Utamuumiza. Usijidanganye kwamba kuna namna ya kusema isiyouma. Lakini afadhali aumie jikoni kwako kuliko aje aambiwe na mtu baki, kwa sababu watu wa zumari wana masikio kama popo, na ipo siku mmoja atasikiliza mkono wa wimbo wa sita na wa saba akauliza swali. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha, na umezaa watoto wa watu bila kujua, ndio hao wanaojifunza kwikwi yako.

Basi fanya hivi. Usiandike neno kwenye kijitabu kwanza. Usimpigie simu. Mwite nyumbani mchana, ashibe kwanza, mwanamume hapewi habari kama hii akiwa na njaa. Mwambie kwa sentensi moja, "Wimbo wa bibi nilipiga mimi," halafu ndipo umsimulie asubuhi zile tatu. Akiinuka akaondoka, mwache aondoke, usimfuate na machozi mpaka getini. Wapiga chapa wasubiri, wino hauozi. Na kabla ya hapo, peleka zumari kwa fundi akuchongee ulimi mpya. Akikuambia thibitisha, usije ukamwonyesha zumari bubu.

Usichelewe. Wewe si binti wa miaka kumi na tisa.

Bi Assumpta

*

Bi Assumpta,

Nilimwita Jumanne. Nikampa nyama ya kondoo na viazi, nikamwambia sentensi ile kabla hajameza vizuri. Aliweka uma chini. Akasikiliza yote, akavaa koti, akaondoka bila kuaga. Siku tisa hakunipigia simu wala hakuja kwangu. Sikumfuata, ingawa gari lake nililiona mara mbili likipita barabarani polepole.

Siku ya kumi akaingia bila kubisha, akaketi pale pale.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Ulimi mpya bado mkali, kiwiko kizee, lakini nilifika mwisho. Alitazama vidole vyangu muda wote.

"Ni wewe," akasema. "Dada, miaka yote hii nimekuwa nikimlilia mzee kwa wimbo wako. Sasa nimlilie kwa upi?"

Nikainuka nikaweka kanda tangu mwanzo. Zile sita za mbio, Colmán hakuwahi kuzijali. Alikuwa akizirusha upesi afike kwenye wa saba. Ukaanza wa kwanza, wa kucheza, wa furaha kabisa, na kabla zumari haijalia inasikika pumzi ya mvukuto na Baba akikohoa kidogo. Colmán akauinamia ule wimbo. Alikuwa analia, Bi Assumpta, machozi yanadondoka mezani, na mguu wake chini unagonga sakafu kwa mdundo, na hakuweza kuuzuia, wala hakutaka.

Dympna Lillis