Kitatange wa Saba

Kilwa Masoko,
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti linakuruhusu kusali umesimama. Msalimie Shangazi Ziada, mwambie nazi alizonitumia zilifika zote, moja tu ndiyo ilikuwa imeota. Sisi huku ni wazima, ila paa la jikoni linavuja palepale ulipoahidi kupaziba. Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza. Ungecheka kile kicheko chako, nami ningecheka, na mambo yangeishia hapo. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo kaa, mwambie Shangazi akutilie chai, usome mpaka mwisho.

Unakumbuka Bwana Abdulrazak aliponiajiri kwenye nyumba yake ya wageni, nisafishe vyumba na kulitunza lile tangi la kioo la mapokezi. Kamati ya mwamba ilimruhusu achukue samaki watano wa rangi, mara moja tu, kabla mwamba haujafungwa ili pweza wapate kukua. Nikawa nabadilisha maji, nasafisha pampu ya hewa, nawakatia dagaa vipande vidogovidogo kama ninayemlisha mtoto. Mmoja wao, yule kitatange wa manjano mwenye pengo mkiani, nilimwita Bibi Harusi. Ulinicheka mpaka ukakohoa. Ulisema umevua miaka arobaini na hujawahi kumwita samaki kwa jina, labda kwa bei yake.

Halafu akaja yule mgeni, mwalimu Lightness, akaniuliza kama samaki yule ana furaha mle ndani. Sisi tumekua na samaki, lakini tunamjua akiwa kwenye ndoo: unafunua shavu, ukiona jekundu unanunua. Swali lile lilinikaa kifuani siku kadhaa, nikakuletea wewe, maana nani mwingine ningemuuliza habari za samaki? Ukaniambia bila hata kufikiri kwamba kiumbe anayekuja mbio kwenye kioo akikuona, akala, akalala salama bila kufukuzwa na samaki wakubwa kama changu au taa, hana cha kulia. Na wiki ileile mkia wa Bibi Harusi ukapona. Nilitoka kazini nikipiga hatua za haraka nije kukuambia kwamba pengo limejaa, halionekani kabisa. Ukasema samaki mwenye huzuni haoti mkia mpya. Maneno hayo nilimtumia mwalimu kwenye simu. Mwalimu mzima, Baba, nikamfundisha mimi.

Baadaye nikaona ana tabia nyingine. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ananinunia. Siku mbili tatu anajibanza kwenye kona nyuma ya jiwe, hali, haji kwenye kioo, ananitazama kama mtu asiyenijua. Nikakuuliza tena. Ukanijibu kwamba samaki wote hununa nyakati hizo, damu yao inafuata maji ya bahari hata wakiwa mbali nayo. Nikaamini. Nikawa nawaeleza wageni.

Sasa nije kwenye mkutano wa Jumapili. Musa, mwenyekiti wa kamati, alieleza kwamba kila bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yakipwa sana, kuna mtu anaingia kwenye mwamba uliofungwa. Mawe yamepinduliwa, matumbawe yamevunjwa. Akasema ni watu wa hoteli ya Bwana Abdulrazak au ni mmoja wa wanawake wachokoa pweza. Mimi nikasimama. Hakuna aliyenituma. Nikasema hoteli ilichukua samaki watano kwa ruhusa, na wote watano wazima, nawalisha kwa mkono wangu, wallahi hajafa hata mmoja, waende mwambani kutafuta nini? Wewe ulikuwa umekaa mstari wa mbele. Musa alipokutazama, ulisema, "Mwanangu hasemi uongo." Watu wakaitikia. Basi macho yote yakamgeukia Nasma, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyo karibu na ufuo, na kwa kuwa ni mjane mwenye watoto watatu na kila mtu anajua sufuria lake lina nini. Wakamfungia. Mwamba utakapofunguliwa bamvua ijayo, wanawake wote washuke, yeye akae nyumbani. Nasma alijitanda kanga yake akatoka, na mlangoni alinitazama mimi, si Musa.

Jumatatu, siku ileile uliyopanda basi kwenda huko Mchinga kwa Shangazi, nilikuta Bibi Harusi amenuna tena. Nikasema kawaida yake. Nikaenda stoo nyuma ya jenereta kuchukua dumu la maji, na nyuma ya madumu nikakuta dema dogo la kutegea samaki, urefu wa mkono wangu, bado linachuruzika maji. Madema yako yote yana kitambaa chekundu mlangoni, Kilwa nzima inajua. Hilo halikuwa nacho. Lakini, Baba, wasukaji wote wa hapa hufungia kulia isipokuwa wewe, na dema hilo lilifungiwa kushoto. Kitambaa uliweza kukitoa, mkono hukuweza kuutoa.

Nilikwenda nalo jikoni kwa Apolonia, mpishi wetu. Alikuwa anachambua mchele, hata hakushtuka. Alishangaa kuwa nauliza, kwa kuwa wewe huingia kwa mlango wa jikoni kila bamvua na dumu lako lenye samaki mpya, kabla sijafika kazini, unakunywa chai, unasifu maandazi yake, unaondoka. Alidhani tumepanga baba na mtoto. Bibi Harusi mwenye pengo mkiani alikufa wiki ya pili, Ijumaa ambayo sikuwepo kazini, na Apolonia mwenyewe ndiye aliyempa paka. Kisha akaniambia taratibu, "Huyu wa leo ni wa saba, Siti." Kuhusu wale wanne wengine sikuuliza.

Bwana Abdulrazak naye hakuficha. Alisema yeye alitaka kulifunga lile tangi siku ileile samaki wa kwanza alipokufa, wewe ndiye uliyemsihi asiniambie, kwa kuwa nimempenda sana yule samaki na nitaumia. Nimelia kwa maneno hayo, usidhani sikulia. Lakini nililia kwa hasira. Mama alipofariki uliniambia yuko Milola anatibiwa. Mwezi mzima nilikaa kizingitini nikilisikilizia kila gari, na kila nilipouliza ulisema anaendelea vizuri. Nilikusamehe hilo kwa kuwa nilikuwa na miaka sita. Sasa nina thelathini na moja, Baba, na umenipeleka tena kizingitini. Safari hii ukamweka na Nasma.

Kuniongopea mimi ningelimeza. Lakini ulinisikia nikiapa. Ulijua jina la Mungu linatoka kinywani mwangu juu ya kitu ambacho mkono wako ndio ulikifanya, ukaweka na muhuri wako. Ukamwacha Nasma atoke.

Nami sijatoka safi, nalo nalikiri. Siku ile mkia ulipopona, kuna kitu kilinigonga. Yule wa kwanza alikuwa na doa chini ya jicho, huyu hakuwa nalo. Niliona. Nikanyamaza, maana nilitaka awe yeye, na nilitaka awe na furaha.

Sasa lile ninaloogopa kuliandika. Jumanne nililibeba lile dema kwapani, nikapita nalo katikati ya soko mchana kweupe, mpaka kwa Musa. Akawaita wanakamati. Nikawaambia dema ni la baba yangu, na aliyewaapia uongo ni mimi. Nimekutaja kwa jina lako lote. Nasma wamemfungulia. Mimi nikaomba kifungo chake kiwe changu, wakakubali. Wewe wanakungoja uje useme mbele ya wanawake wote, kabla mwamba haujafunguliwa. Kazi nimeiacha.

Yule wa saba nilimtia kwenye dumu nikashuka naye pwani, jana. Nasma alisimama mlangoni kwake akinitazama. Salamu aliitikia, zaidi ya hapo hakuna. Nilimwaga samaki taratibu kwenye maji ya magotini. Sikuona furaha yoyote. Alikaa kidogo penye kivuli cha miguu yangu, kisha akaingia chini ya jiwe, na sikumwona tena. Mwalimu akiniuliza leo, nitamwambia kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyepewa muda wa kutosha nimjue.

Nakuombea afya, goti lipoe, na Shangazi Ziada umpe salamu zangu tena. Usije usiku usiku, njoo kwa basi la mchana, watu wakuone. Shikamoo niliyoitanguliza huko juu ni ya kweli, bado wewe ni baba yangu. Ila marahaba yake usiniletee kwenye simu, wala usimtume mtu. Nitakuamkia pale mbele ya Nasma, uniitikie hapo.

Ni mimi mwanao,
Siti Mfaume