Saa ya Kazi Imeisha

Béatrice, mjukuu wangu,

Hapa Katuba tunapumua vizuri, Mungu asifiwe. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, na mahindi ya Lukafu yamefika makavu.

Umeniuliza kama uache kudai haki ya marehemu bwana yako, kwa kuwa kampuni inasema alikufa mgodini wakati wa mapumziko. Kumbe wangali wanaimba wimbo ule! Nimesoma barua yako nikaitupa mezani kwa hasira.

Baba yangu alikufa mgodini nikiwa msichana. Lifti iliyokuwa ikimpandisha juu na wenzake baada ya zamu ilianguka. Nikamsindikiza mama biro, ofisini kwa kampuni, na karani akamwambia, "Mama, saa yake ya kazi ilikuwa imeisha. Ile ajali haiko aksida ya kazi."

Kila tuliporudi, jibu lilikuwa lile lile. Mwishowe mama akapiga meza.

"Kama kazi ilikuwa imeisha, bwana yangu alikuwa anafanya nini kule chini ya udongo? Alienda kutembea?"

Wajane wengine waliokuwa wakingoja wakasimama. "Mujibu, bwana!"  Mkubwa wa karani akatoka kusikia makelele, na mama akamuuliza swali lile lile. Juma lile wakakubali kwamba baba alikufa kazini.

Mpaka leo sielewi kwa nini mjane apige kelele ili watu waone jambo lililo wazi.

Usiache, mjukuu wangu. Ila usirudi pale peke yako. Jumatatu napanda basi ya kuja kwako Kolwezi pamoja na shangazi zako, na tutakaa katika biro yao mpaka wao ndio wachoke.

Ni miye nkambo yako,
Philomène