Nilivyomtembeza Celeste Mocímboa

Jumamosi, baada ya magharibi. Manyunyu ya asubuhi hayakusaidia kitu, joto liko palepale, na miguu yangu imejaa mchanga wa Mocímboa. Nimeona niandike kwanza, kuoga baadaye, maana nikishaoga nitalala na haya yote yatanipotea.

Leo nimekuwa mtalii. Ndiyo, mimi, muuza khanga wa Palma, niliyezoea kuvuka Rovuma kwenda Mtwara kufuata mzigo na kurudi bila kutazama kushoto wala kulia. Nimevaa miwani ya jua, nimebeba chupa ya maji, nimekwenda mji wa jirani kutazama tu. Watalii wenyewe wa huku kwetu hushuka kisiwani Vamizi kwa ndege ndogo, sisi tunaisikia ikipita juu ya mabati. Sikuwahi kufikiria kwamba na mimi naweza kwenda mahali bila kuwa na shida napo.

Lakini nisijidanganye. Nilikuwa na jambo langu.

Jambo lenyewe ni Celeste. Kwa asiyemjua, Celeste ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Inhambane, serikali ilimleta Palma mwaka juzi. Watu kama yeye tunawaita vientes, yaani waliokuja. Nyumba yake na yangu zinatazamana, barabara katikati. Ni rafiki yangu, na nikisema rafiki simaanishi wa kusalimiana njiani. Malaria iliponilaza, yeye ndiye aliyewapikia wanangu na kuwasukuma waende shule.

Wiki hii mkurugenzi wake amemwambia kuna nafasi kwao Inhambane, karibu na mama yake. Akiitaka ni yake. Jibu linatakiwa Jumatatu.

“Nitakubali, mana,” aliniambia juzi, kwa ule mchanganyiko wetu wa Kireno na Kiswahili, mana ikiwa dada. “Watu wa huku hawanitaki. Mwanzoni walikuwa wananikaribisha. Siku hizi nikipita wananyamaza.”

Nilimbishia, lakini nilijua hajakosea. Mtaani kwetu wanasema ana maringo, wanasema anajiona. Nimewatetea wote wawili, yeye kwao na wao kwake, mpaka nimechoka. Nikaona dawa ni kumtembeza. Hajaona kitu zaidi ya darasa na nyumba yake, niliwaza, akipaona Mocímboa alikozaliwa mama yangu, moyo utalegea. Shemeji yangu Ali alikuwa anakwenda kuchukua samaki na gari lake, tukakaa naye mbele.

Sasa ngoja niseme ukweli: sifai kutembeza watu.

Kila tuliposimama nilikuta mdomo wangu unasema palikuwa. Hapa palikuwa na duka la babu yangu. Pale palikuwa na benki. Kule palikuwa na hoteli tuliyokuwa tunakwenda kunywa soda siku ya Idi, na mama anatukataza kuegemea ukuta tusichafue nguo. Sasa ukuta upo, paa halipo, na ndani umeota mpapai. Celeste alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mwanafunzi ambaye hakusoma. Karibu na bandari alitoa simu apige picha, askari akatikisa kidole kwa mbali, akairudisha mkobani.

Nikajaribu kumwonyesha vilivyopo badala ya vilivyokuwapo. Mabati mapya yapo mengi, yanaumiza macho. Soko limejaa watu, vitumbua, betri za simu, dagaa, madaftari ya shule. Watu waliokimbia vita wamerudi, wanagombea nafasi ya kupanga nyanya. Mimi nilikuwa nafurahi peke yangu. Yeye alikuwa anatazama saa.

Tulishuka ufukweni, upande wanakouzia samaki. Akina mama watatu walikuwa wamekaa juu ya khanga wanakula muhogo na samaki wa kukaanga. Walipotuona wakasema karibuni. Nilichuchumaa, nikanawa, nikamega kipande cha muhogo. Celeste aliweka mkono kifuani, akarudi hatua nyuma, akatabasamu vizuri kabisa.

“Asanteni, kuleni salama.”

Wale akina mama walitazamana. Mmoja alivuta pindo la khanga yake akafunika samaki, na mazungumzo yakaisha hapo. Tuliporudi sokoni ikawa vilevile. Fundi cherehani alikuwa anakunywa chai na mkate, akatukaribisha, Celeste akakataa kwa tabasamu lilelile. Fundi akasogeza kikombe upande wa pili akarudi kwenye cherehani yake. Nilimwona Celeste anameza mate. Nilijua hajala tangu alfajiri, na nikaanza kumkasirikia. Kimoyomoyo nikasema, kumbe mtaa haukosei, kweli mtu huyu anajiona.

Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Kituo cha mwisho kilikuwa kwa mama mdogo, Bi Somoe, mdogo wake marehemu mama. Hatukumwambia kama tunakuja. Tuliwakuta uani wamezunguka sinia, yeye na wakwe zake wawili, wali wa nazi na matapa, ile mboga yetu ya kisamvu kilichopikwa na karanga. Harufu ya nazi ilitupokea tangu nje ya ua. Bi Somoe hakuinuka, alisogea tu kidogo kuacha nafasi, akasema karibuni wanangu, bismillah.

Mimi nilishavua viatu. Celeste alikwenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa ukutani, akapanga mikono mapajani.

“Obrigada, mama. Bom proveito,” akasema. Asante, mle vizuri.

Bi Somoe hana tabia ya kuzungusha maneno. Alirudisha tonge lake kwenye sinia, akaniuliza kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Huyu mwenzio tumemkosea nini? Au anaogopa tutamtilia kitu?”

Wakwe zake waliinamisha vichwa. Mtu wa mbali asidhani hilo ni swali la mzaha. Tangu tuliporudi kutoka tulikokimbilia, kila mtu anajua kuna waliokuja wanaotutazama wenyeji kwa jicho la pembeni, wasijue nani alikuwa upande wa waliotushambulia. Mtu akikataa chakula chako siku hizi unabaki unajiuliza anakufikiria wewe ni nani. Bi Somoe alimzika mwanawe porini wakati wa kukimbia.

Nikamgeukia Celeste, nikamwuliza kwa Kireno, na sikuwa na upole. Mbona unatuaibisha? Una njaa, nimekuona. Kwa nini hutaki kula na watu?

Alinitazama kama nimemzaba kofi.

“Si ndiyo adabu?” akasema. “Anayekula lazima akukaribishe. Na wewe uliyemkuta lazima ukatae. Kukubali ni tabia ya mtoto asiyelelewa. Mama yangu alikuwa ananifinya hapa,” akashika nyama ya mkono, “nikinyoosha tu jicho kwenye sahani ya mtu.”

Halafu akaongeza, polepole, “Tangu nimekuja Palma nakataa. Nilitaka waone kwamba nimelelewa.”

Niliwatafsiria. Bi Somoe akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni nilichokuwa sijakisikia kwake tangu msiba, mpaka akajifuta macho kwa upindo.

“Mwambie huku mama yake angemfinya kwa kukataa,” akasema. “Mwambie aje anawe, wali unapoa.”

Celeste alivua viatu. Alikaa jamvini upande wa kulia wa Bi Somoe, akala kwa mkono, na alikula, jamani, mtu alikuwa na njaa. Akawaeleza kwamba kwao matapa hutiwa kaa, wakwe wakabishana naye kuhusu kaa, mimi natafsiri huku na huku sipati hata nafasi ya kumeza. Baadaye akakunja sketi akakalia mbuzi, akawakunia nazi ya jioni, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Ndipo likanijia jambo la aibu. Mbona mimi kila nikivuka barabara nikamkuta Celeste anakula, akiniambia karibu nilikuwa naketi? Nakula mpaka mwisho. Wakati mwingine naongeza. Nikamwuliza, basi mimi ulikuwa unaniona mtu gani?

Aliweka nazi chini.

“Nilidhani nyumbani kwako kuna njaa,” akasema. “Nikawa nazidisha mchele kidogo, ili ukija kikutoshe. Siku usipokuja nilikuwa nasononeka.”

Sikujua nicheke au nijifiche. Kumbe miaka yote hii mwenzangu ananipikia kama maskini wake, na mimi najiona mgeni wa heshima. Na yeye akataka kujua, kwa hiyo siku ile ya kwanza hukuwa na njaa? Nikamwambia nilikuwa nimetoka kula, nilikula tena ili asione nimemdharau. Tulicheka mpaka shemeji Ali akapiga honi nje mara ya pili, kwamba samaki wake wanaharibika.

Njiani Celeste alikuwa anahesabu watu, nadhani, wote aliowahi kuwaambia kuleni salama. Tulipokaribia Palma akaniuliza kama amekwisha kuchelewa. Nikamwambia hapana, kesho anza na jirani yeyote, nenda saa ya kula, vua viatu. Nikamwambia pia lile lililokuwa kooni tangu alfajiri. Usiende, Celeste. Mimi nitabaki na nani?

Aliposhuka mlangoni pake alinishika mkono.

“Jumatatu nitamwambia mkurugenzi nabaki. Mwaka mmoja zaidi, halafu tutaona.”

Nimefurahi. Nimeliandika neno hilo na ni kweli.

Lakini sasa nimekaa peke yangu, furaha imepoa, na ninaogopa. Kule anakokataa kwenda, mama yake hulala mlango ukiwa wazi kwa ajili ya upepo. Huku tunasema kumetulia, na kweli kumetulia, ila hakuna nyumba ya mtaa huu isiyokuwa na begi lililofungwa karibu na mlango. Mwaka ule wa vita tulipokimbia, mimi nilikuwa na pa kwenda. Niliijua njia ya kufika mtoni, nilimjua mwenye mtumbwi, nilikuwa na shangazi ng'ambo Mtwara. Vientes walibaki barabarani wanauliza njia, na aliyeulizwa alikuwa anakimbia.

Celeste hana begi. Hakuna aliyemwambia awe nalo, kwa sababu mambo kama hayo huambiana majirani wakiwa wanakula pamoja, na mimi niliyekula kwake sikukumbuka.

Nimeacha kuandika kidogo, nimenyanyuka, nimelifungua langu. Nimetoa shuka moja nzito, na mahali pake nimetia doti ya khanga kutoka dukani na kandambili zinazomtosha. Kesho nitalibeba nivuke nalo barabara, nimfungulie, nimwonyeshe zilizo zake na nimweleze ni za nini. Akishaona, Jumatatu aseme analotaka.