Mama Mkwe Alilia, Friji Likawaka, Baba Mkwe Akawa Marehemu

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu upesi, kwa sababu baba mkwe wangu yuko njiani anakuja kwangu, na huko mtandaoni watu bado wanampa pole mjane wake.

Mimi ni fundi wa mafriji, nafanyia kazi kwenye kibanda nyuma ya nyumba ninayopanga, na tangu mwaka jana nilijizoesha kurekodi video fupi kwa simu kila wiki nikiwafundisha watu mambo madogo, kwamba mpira wa mlango unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwamba friji halibanwi ukutani maana nalo linahitaji pa kutolea joto, kwamba barafu haichokonolewi kwa kisu kwa sababu ukitoboa bomba gesi yote inakwenda zake, nikiamini watu wakinizoea na wakaona ninayosema ni kweli, siku friji likiwashinda watanikumbuka, lakini mshauri, watazamaji wangu walikuwa mke wangu, kaka yangu, na mtu mmoja asiyeweka picha ambaye kila mara anaandika “Asante fundi” kisha anapotea, hadi mke wangu akaanza kunitania kwamba nawafundisha watu namna ya kutokuja.

Sasa mama mkwe akaja kutusalimia, akatazama ile video ya mpira wa mlango, akaniambia, “Mwanangu, nakupenda, lakini hii nimeianza nikiwa macho nikaimaliza nikiwa usingizini, watu wanataka machozi,” na kesho yake akajifunga kitambaa cheusi kichwani, akakaa mbele ya friji letu la jikoni, ambalo halijawahi kuumwa hata siku moja, akalia kwamba ndilo pekee aliloachiwa na marehemu mume wake na mafundi wote wa mtaa wamelikatia tamaa, nami nikaingia nikaliwekea mkono, mke wangu aliyejificha nyuma ya mlango akawasha swichi ya ukutani, taa ya friji ikawaka, mama akaanguka chini kwa shukrani, na mimi ninayejua kila kitu machozi yakanilengalenga.

Video hiyo imesambaa kuliko zote, watu wanakuja kweli, lakini wengi wanataka kupiga picha na mama mkwe, ambaye sasa anashinda kwenye benchi la wateja akiwa na wigi jipya, na juzi alikuja dada mmoja friji lake linavuja gesi, nikamweleza kuwa inabidi nitafute tundu, nizibe, nijaze gesi upya, akanitazama kama mwizi akaniambia, “Yule mama ulimgusia tu, mimi unataka kunila,” akaondoka akisema atamwambia kila mtu, na kabla sijatulia baba mkwe akapiga simu, nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, kisha akauliza, “Mkwe, nilikufa lini?” akaendelea, “Na hilo friji nililoacha ni lipi, maana la kwangu liko hapa nimeliegemea,” halafu akasema anakuja kumwona mjane wake.

Mke wangu anasema nikiifuta nimemtukana mama yake, mama mwenyewe ameshapanga nyingine ya pasi iliyofufuka, ingawa mimi sitengenezi pasi, na nimekuwa nikifikiri labda nifute zile zangu za zamani zisizotazamwa na mtu nibaki na hii inayoleta watu. Nifanye nini?

Fundi Baridi

Mshauri anajibu:

Fundi Baridi, pole. Nimemaliza pole, sasa kaa nikuseme.

Ulikuwa unafanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawana moyo wa kulifanya: kusema kweli kila wiki, bure, bila kupigiwa makofi. Ukachoka. Akatokea mama mwenye kipaji cha kulia, nawe ukamkabidhi jina lako alipambe. Na amelipamba. Leo unajulikana kote kwa kazi usiyoiweza, maana hakuna fundi duniani anayeponya friji kwa kuliwekea mkono. Yule dada hakukuonea. Ulimwonyesha kwa macho yake kwamba friji hupona kwa kuguswa, kisha ukamdai gesi. Kazi yako ya haki sasa inanuka wizi, na harufu hiyo umeileta mwenyewe.

Tena uliwadhalilisha mafundi wote wa mtaa kwa pigo moja. Siku mtungi wako wa gesi ukiisha katikati ya kazi, utaazima kwa nani? Kwa yule mjane?

Hata hivyo mama mkwe wako ana hoja moja, nami simnyimi haki yake. Video zako zinalaza. Nimezitazama. Katika ile ya mpira unazungumza na friji mwanzo mpaka mwisho, sisi umetupa kisogo. Geuka, ndugu yangu. Friji linajua tayari.

Basi fanya hivi. Hiyo video ifute leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti. Ya pasi isirekodiwe kabisa. Kumkemea mama mkwe huwezi, na mkeo hatamkemea mama yake. Kwenye nyumba hiyo hakuna mwenye ubavu huo isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmemuua. Kwa hiyo akifika mpokee mzigo, mwamkie, mwombe radhi bila kumsukumia mkeo lawama, mpe chakula ashibe, kisha utoke nje umwache na mjane wake. Usisikilize mlangoni.

Wakishamaliza, rekodi nyingine. Baba mkwe asimame kando ya friji lenu akiwa hai, nawe useme kwa kinywa chako: friji lilikuwa zima, mzee ni mzima, mafundi wenzangu nawaomba radhi. Watakucheka. Wacheke. Anayekucheka kwa kosa ulilolikiri anaweza kukuletea friji lake, lakini aliyekugundua mwenyewe haleti kitu.

Halafu mtafute yule dada. Mwombe alirudishe friji, upake povu la sabuni kwenye bomba mbele yake, aone mwenyewe mapovu yanapofura ndipo gesi inapotokea. Akikubali, rekodi. Hiyo ndiyo video yako, na haihitaji mtu kuanguka chini.

Mama mkwe mpe kazi, usimfukuze. Akae nyuma ya simu akuulize yale watu wanayojiuliza jikoni kwao, kwa nini linanguruma, kwa nini mboga zinaganda, na ukianza kuhutubia akukatize. Nina hakika atakukatiza.

Na zile za zamani usithubutu kuzigusa. Unasema hazitazamwi na mtu. Una uhakika? Yule asiyeweka picha, anayeandika “Asante fundi” kisha anapotea, ni mimi. Mpira nimeuosha, friji nimelisogeza kutoka ukutani, kisu nimekirudisha kwenye kabati. Lakini tangu wiki iliyopita linagonga kwa ndani kama mtu anayetaka kufunguliwa, na hilo hujatufundisha, wala mimi sitalijaribu. Kwenye mtaa wangu kuna mafundi tele. Sikumfikiria hata mmoja wao.

Namba yako naijua, iko mwisho wa kila video. Jumamosi asubuhi nalileta. Nisikute mtu analia.